Jinsi Nilivyomnasia Baba Opry ya Miaka 100 kwa Redio ya Betri

Naandika haya hasa kwa ajili ya wale jamaa watatu wa kundi letu la WhatsApp walionicheka mwezi wa Novemba 2025, nilipouliza ni vipi mtu anayeishi Minneapolis, kaskazini mwa Marekani, anaweza kuisikia Grand Ole Opry, kipindi cha muziki wa kantri kinachotoka Nashville, Tennessee, kwa redio ya kawaida, ile ya kuzungusha kitufe. Wote walinijibu neno moja: pakua programu kwenye simu, ndugu, tumeshatoka miaka ya sabini. Basi wajue kwamba tuliisikia, kwa redio ya betri, bila intaneti, usiku uleule ambao kipindi hicho kilitimiza miaka 100, na kwamba gharama yote haikufika dola mia moja, nikiyaacha nje ya hesabu mafua niliyoyapata.

Baba alikuwa amekuja kututembelea kutoka Molo. Asiyeijua Kenya anaweza kushangaa mzee wa Molo anahusika vipi na Nashville, lakini aliyekulia nyanda za juu za Bonde la Ufa anajua kwamba Jim Reeves, Charley Pride, Skeeter Davis na Don Williams walikuwa kwetu kama majirani, wakisikika harusini, kwenye matatu na sebuleni Jumapili baada ya ibada. Baba, ambaye ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, alisoma nyuma ya jalada la santuri kwamba Jim Reeves alikuwa mwanachama wa Opry, na alipoulizia akaambiwa kwamba Opry si ukumbi tu bali ni kipindi cha redio cha kila Jumamosi usiku. Alikuwa kijana wakati huo. Tangu siku hiyo alilitamka jina hilo, «Opiri», kwa heshima ambayo wengine huwawekea maaskofu.

Mimi nilianza kwa kosa la kawaida la mtoto anayeishi ughaibuni, yaani kudhani kila jambo hutatuliwa kwa kununua tiketi. Sherehe zilikuwa zimeendelea mwaka mzima: mwezi wa Machi televisheni ya NBC ilirusha tamasha maalumu, na mwezi wa Septemba Opry ikapelekwa hadi ukumbi wa Royal Albert Hall jijini London, ambako binamu yangu alihudhuria na kututumia picha nyingi kuliko ilivyohitajika. Siku yenyewe ilikuwa tarehe 28 Novemba, kwa sababu ni tarehe hiyo mwaka 1925 ndipo WSM, kituo cha redio cha Nashville, kilipomweka mpiga fidla mzee, Uncle Jimmy Thompson, mwenye umri wa miaka 77, mbele ya kipaza sauti. Nilipokumbuka kutafuta tiketi, nilizozikuta zilikuwa mikononi mwa walanguzi, kila moja kwa bei ya mbuzi kadhaa walionona, na juu yake kulikuwa na safari ya gari ya saa kumi na tatu hivi ambayo goti la Baba lisingeistahimili. Nikamwendea kwa unyenyekevu kumweleza kwamba nimeshindwa. Hakuonekana kusikitika hata kidogo.

«Mwanangu,» akasema, «hicho ni kipindi cha redio. Mimi nataka kukisikia, sikusema nataka kukitazama.»

Nikafurahi, nikatoa simu, nikafungua programu, na sauti ikaja safi kabisa. Alisikiliza kwa dakika tano hivi akiwa ameinamisha kichwa, kisha akaigeuza simu chini juu kama anayetafuta kitu, akaniuliza: «Sasa redio iko wapi?»

Ndipo nilipoelewa kazi niliyopewa.

Kwa bahati nzuri, WSM ni kituo kilichojengwa kwa ajili ya watu wa aina ya baba yangu. Kiliasisiwa na kampuni ya bima, na herufi zake tatu zinatokana na kaulimbiu ya kampuni hiyo, «We Shield Millions», yaani tunawakinga mamilioni. Kinarusha kwenye kilohezi 650 za mawimbi ya kati (AM), kwa nguvu ya wati 50,000, kutoka kwenye mnara ulioko Brentwood, kusini mwa Nashville, ambao umesimama tangu mwaka 1932, mpana katikati na mwembamba juu na chini. Sheria za Marekani zinailinda 650 hiyo nyakati za usiku ili isibanwe na vituo vingine. Mchana mawimbi ya kati hutambaa ardhini na kuchoka mapema, lakini jua likishazama hupanda juu, yakagonga anga na kurudi chini mamia ya kilomita mbali. Baba hakuhitaji kuelezwa jambo hilo, maana kule nyumbani alizoea kuvinasa vituo vya nchi za mbali usiku ambavyo mchana havikuwako.

Nikanunua redio ndogo nyeusi kwa dola thelathini na kitu, na jioni ya kwanza tukaketi sebuleni. Pale kwenye 650 palikuwa na sauti moja tu, nayo ilikuwa kama ya mandazi yanayokaangwa kwenye mafuta mengi. Nikazima televisheni. Nikachomoa chaja zote, nikazima kisanduku cha intaneti, taa, jokofu, na hatimaye, kwa kuwa nilikuwa nimeshapandwa na mori, nikaenda kwenye swichi kuu nikaizima nyumba nzima pamoja na mfumo wa kupasha joto, nje kukiwa na baridi ya kugandisha. Mandazi yakapungua nusu. Nusu iliyobaki ilitoka kwa majirani, nasi tunaishi katika jengo la familia ishirini na nne. Mke wangu, ambaye alikuwa gizani na sufuria ya githeri mkononi, aliniuliza kwa upole wa kutisha: «Baba Wanjiru, hivi ndivyo mlivyozoea kuishi huko Molo?» Baba akacheka mpaka akakohoa, wala hakunitetea.

Kesho yake nikaenda dukani, ambako kijana mmoja mwenye kujiamini sana aliniuzia antena bapa na kuniapia kwamba inanasa kila kitu. Ilikuwa antena ya televisheni. Sasa tunaitumia kuuzuia mlango wa jikoni usijifunge.

Najua kuna msomaji anayesubiri kuniambia kwamba ningeingia tu kwenye gari, maana kila gari lina redio ya mawimbi ya kati. Langu halina. Ni gari la umeme, lenye skrini kubwa kama sinia la pilau, linaloweza kuniambia hali ya hewa ya Tokyo, lakini waliolitengeneza waliyaondoa mawimbi ya kati kwa sababu mota zake zinayavuruga. Jambo hili limefika hadi kwenye Bunge la Marekani, ambako kuna wabunge wanaotaka kila gari jipya lilazimishwe kuwa na redio hiyo, na mimi ambaye zamani ningewaona ni wazee waliokosa kazi, sasa niko upande wao kabisa.

Ufumbuzi ulitoka kwa Baba mwenyewe, na hapa naomba nisihimizwe. Alipokuwa kijana, Baba alikuwa na tabia ya kushinda Jumamosi kwenye kibanda cha fundi wa redio pale sokoni Molo, na aliona fundi huyo akizungushia waya kwenye fremu ya mbao ili kuwasaidia wateja wa mashambani walioshindwa kunasa stesheni. Tukaenda kwenye duka la mitumba, tukanunua redio mbovu ya zamani kwa dola nne, tukaifungua kwa bisibisi ya cherehani ya mke wangu, na Baba akachomoa kile kifaa chenye vibati vinavyoingiliana kama vidole vya mtu anayeomba, ambacho ukizungusha kitufe vinasogea ndani na nje. Mafundi hukiita kapasita, na ndicho kinachochagua stesheni. Fremu tuliipata kwenye boksi la nepi za binti yangu, upande wake ukiwa sentimita arobaini na tano hivi, na waya ulikuwa ule mwembamba wa spika.

Nikazungusha waya mara nane, kwa sababu ndipo ulipoishia, nikafunga ncha zake kwenye kapasita, nikaliweka boksi kando ya redio bila kuviunganisha, kwani havihitaji kugusana. Nikazungusha kitufe polepole kutafuta 650. Boksi lilishuka likagota karibu na 800, halikutaka kwenda chini zaidi, na kwa kuwa jiji letu lina kituo chenye nguvu kwenye 830, kilipasuka humo ndani kama kipaza sauti cha mkutano wa kampeni na kumwamsha mtoto. Baba akayahesabu mazungusho kwa ukucha. «Nane,» akasema. «Fundi hakuwahi kuweka nane.» Nikabisha kwamba tofauti ya mizunguko miwili mitatu haiwezi kuwa kitu. Nilibisha kwa muda mrefu kiasi, kwa lugha ya mtu aliyesoma. Kisha tukanunua waya mwingine, tukafika mizunguko kumi na mmoja, na kitufe kikashuka hadi 650 na kupita.

Bado ilibaki kutafuta mahali. Nilizunguka na boksi la nepi kwa jioni tatu, nikitazamwa na watu, mpaka nikapata uwanja wa kuegesha magari kando ya ziwa moja nje ya jiji, ambako hakuna nyaya za umeme karibu. Atakayejaribu asikae karibu na gari, hasa la umeme, kwa maana hata likiwa limezimwa linaendelea kunong'ona. Sisi tulisogea hatua kama arobaini. Na boksi lisiitazame Nashville kwa uso wake ulio wazi bali kwa ubavu, jambo ambalo mimi nililifanya kinyume jioni mbili nzima kwa sababu lilionekana kuwa na akili zaidi.

Tarehe 28 iliangukia Ijumaa, siku moja baada ya Sikukuu ya Shukrani, kwa hiyo tulibeba mabaki ya bata mzinga, ambaye Baba alimwonja na kusema kwamba ni kuku aliyekata tamaa. Huku kwetu, jimbo la Minnesota, mwezi huo jua huzama kabla ya saa kumi na moja jioni, na kwa mara ya kwanza tangu nihamie huku nililishukuru giza hilo. Tuliketi kwenye viti vya kukunja, mablanketi mawili kila mmoja, chupa ya chai katikati. Kusini-mashariki nilikupata kwa dira ya simu, kisha Baba akaniamuru niizime simu, kwa kuwa nayo ilikuwa inachachatisha redio.

Wakati wa kungoja alinieleza juu ya DeFord Bailey, ambaye mimi sikuwahi kumsikia. Alikuwa mtu mweusi mfupi wa Tennessee aliyepuliza kinanda cha mdomo, na tarehe 10 Desemba 1927 aliliiga treni kwa kinanda hicho mara tu baada ya kumalizika kipindi cha muziki wa klasiki kilichotoka NBC. Ndipo mtangazaji George D. Hay alipotania kwamba wasikilizaji wametoka kusikia opera kuu, yaani «grand opera», na sasa watasikia Grand Ole Opry. Utani ukawa jina. Mwaka 1941 Bailey aliondolewa kipindini, akaendesha maisha yake kwa kung'arisha viatu jijini humohumo Nashville, na Jumba la Heshima la Muziki wa Kantri halikumwingiza mpaka mwaka 2005, miaka 23 baada ya kufa. Baba alilisimulia hili bila kupaza sauti. Kisha akaikunja mikono mdomoni, akaliiga garimoshi la zamani likipanda Mau kutoka Molo, mzigo ukiwa mzito, na akalisimamisha pale lilipokuwa likisimama kuchota pumzi. Sikujua kwamba anaweza.

Kisha nikazungusha kitufe cha boksi, na ile sauti ya mandazi ikajikunyata, na ndani yake pakatokea fidla.

Siwezi kuwatajia nani aliimba nini, kwa sababu kila jina lilipotajwa mawimbi yalikuwa yanazama, yakarudi wakati wa makofi. Huja kwa nguvu, yakalegea kama mtu anayeondoka na taa, yakarejea. Mimi nilikuwa naruka kurekebisha boksi kila mara mpaka Baba akanishika mkono na kuniambia niliache, linajua kurudi lenyewe. Mara moja tu herufi tatu za kituo zilisikika wazi kabisa, W, S, M, na Baba akavua kofia yake ya sufu katika baridi ile, akaiweka gotini, na hakuivaa tena mpaka nilipomvisha kwa nguvu.

Tulikaa muda unaozidi saa mbili. Wale jamaa watatu niliwarekodia dakika nzima ya mchachato wenye fidla ndani yake, na mmoja akajibu kwamba kwenye programu ingesikika vizuri zaidi.

Baba alirudi Kenya mwezi wa Januari. Boksi lilibaki, kwani lilikuwa limeshalowa, lakini kile kifaa cha vibati alikifunga ndani ya soksi na kukiweka kwenye mkoba wa mkononi, na sijui aliwaeleza nini watu wa ukaguzi. Wiki mbili baadaye alinipigia simu usiku wa huko, nikasikia nyuma yake mbwa wakibweka na kelele ya redio. Alitaka kujua kama mizunguko ilikuwa kumi au kumi na mmoja.