Kabla hujatuma picha ya ukwato kwenye kundi

Wafugaji wenzangu wa farasi na punda hapa Tabora, picha ya ukwato iliyopigwa ukiwa umesimama haimsaidii mwenzetu aliye Arusha au Nairobi, anayeitazama kwenye kundi letu la simu ili atoe ushauri. Ukwato huonekana mfupi na mwinamo wake unapotea. Msimamishe mnyama kwenye sakafu ngumu, sugua matope yote, kisha shusha simu mpaka kamera iwe usawa wa ardhi, upige kwa ubavuni. Halafu inua mguu, upige unyayo. Ile pembetatu laini ya katikati lazima ionekane vizuri, maana uozo huanzia kwenye mifereji ya kando yake, na harufu yake haifichiki.

Andika na vipimo. Farasi mzima aliyetulia ana joto la nyuzi 37.5 hadi 38.5 za Selsiasi, mapigo ya moyo 28 hadi 44 kwa dakika. Mshipa uko chini ya taya: hesabu sekunde 15, zidisha kwa 4. Punda usimpime kwa hesabu hizo, mapigo yake huwa juu kidogo.

Na huku kwenye misitu yetu ya miombo yenye mbung'o, wale inzi wanaoeneza vimelea vya damu, homa inayokuja na kuondoka, mnyama akikonda ilhali anakula, hiyo ni ya kupimwa damu. Usingoje majibu ya kundi, mwite daktari wa mifugo siku hiyohiyo.