Anzia Ggaba, malizia Wandegeya: kula mitaani Kampala usiku kwa boda

Mgeni anayefika Kampala kutoka Nairobi, Mwanza au Goma akiambiwa atazungushwa kula mitaani usiku, hupelekwa Wandegeya kwanza na kukabidhiwa rolex nzima, yaani chapati iliyoviringishwa na mayai mawili. Saa 1 usiku tayari ameshiba. Vituo vinne vilivyobaki atavipita akitazama tu, na nyama choma iliyolipiwa italiwa na waliompakia. Kosa si la tumbo lake, ni la aliyepanga njia.

Matembezi ya namna hii, mgeni nyuma ya pikipiki na mwongozaji mbele, yamepata jina zaidi Saigon, Vietnam. Kule kila mgeni ana dereva wake, na jioni nzima hupita kwa vipande vidogo: nusu ya bánh mì, ule mkate mrefu walioachiwa na Wafaransa, kisha kipande cha bánh xèo, chapati nyembamba ya unga wa mchele yenye rangi ya bizari, inayofungwa kwenye majani mabichi na kuchovywa kwenye mchuzi wa samaki. Hakuna anayepewa sahani ya kushiba. Sisi boda tunazo, na za ziada, na chakula tunacho. Tunachokosa ni kipimo na mpangilio.

Mpangilio wenyewe unatokana na foleni. Jioni Kampala inamwaga watu nje: magari yanatoka katikati ya mji kwenda Ggaba, Ntinda, Nansana. Ukianzia mjini saa 12 ukaelekea ziwani, unasafiri ndani ya mkondo huo, ukipumua moshi wa matatu hadi Kabalagala. Geuza njia. Boda ziwachukue wageni saa 10 na nusu, kabla jamu haijashika, saa 11 jioni mko Ggaba ufukweni mwa Ziwa Victoria, halafu mnarudi mjini upande ambao barabara ina nafasi. Jua la Kampala huzama kati ya saa 12 na nusu na saa 1 mwaka mzima, kwa hiyo samaki mnamchagua mwanga ukiwepo, na hilo si jambo dogo.

Ngege, yaani sato, achaguliwe akiwa mzima, kabla ya kupaliwa magamba. Jicho liwe angavu na limetokeza, shavu likifunuliwa liwe jekundu, nyama ukiibonyeza irudi. Jicho lililozama lenye ukungu ni samaki wa jana. Wa gramu 700 hivi anatosha watu wanne kwa kuonja. Achanjwe mbavuni mikato mitatu kila upande hadi karibu na mfupa, apakwe chumvi, na afutwe maji kabisa kabla ya kuingia kwenye mafuta. Wapishi wenye haraka huruka hatua hiyo ya kufuta, na hapo ndipo ngozi inapong'ang'ania kwenye karai na mafuta yanaporuka. Samaki wa ukubwa huo huhitaji kama dakika 10 hadi 12. Akitolewa mapema, nyama ya mgongoni hung'ang'ania mfupa na huwa na rangi ya waridi. Mwambie arudishe, hakuna atakayenuna. Waganda wa ufukweni wanajua samaki mbichi si sifa.

Chipsi msiguse. Ombeni vipande vichache vya muhogo na ndimu, basi.

Mkiwa bado mnanawa mikono, mwongozaji apige simu kuagiza nyama ya nguruwe kwenye kituo kinachofuata. Nguruwe Kampala huuzwa kwa kilo, hukatwa mbele yako na kupikwa baada ya kuagizwa, na kilo moja ya kukaanga na vitunguu na nyanya huchukua dakika 45 hadi saa nzima. Wasioagiza mapema huketi wakinywa soda tatu tatu na kushibia hapo. Nusu kilo inatosha watu wanne wenye vituo mbele. Huletwa kwenye sinia pamoja na muhogo, parachichi, kachumbari na kilima kidogo cha chumvi pembeni, na nyama huchovywa ndani ya chumvi hiyo, kwa hiyo onja kabla ya kuchovya.

Lakini uliza kwanza. Kundi la wasemaji wa Kiswahili mara nyingi lina Waislamu ndani yake, na kuuliza mbele ya sinia ni kumwaibisha mtu. Ulizeni siku ya kupanga. Akiwepo hata mmoja, kituo hiki kifutwe kabisa badala ya kumweka kando na soda yake, maana pale kisu, ubao na wavu wa sigiri ni vile vile kwa kila nyama. Badala yake, Kabalagala kuna migahawa ya Kihabeshi na ya Waeritrea yenye injera, ule mkate wao laini kama chapati pana, na sinia moja ya injera huliwa na mikono mingi kwa pamoja, jambo linalofaa kabisa kwa kuonja.

Jina la mtaa huo ni la kitafunwa pia. Kabalagala ni kaimati bapa ya ndizi tamu ndogo, zile zinazoitwa ndiizi, zilizopondwa na kukandwa na unga wa muhogo bila tone la maji. Kwa vikombe viwili vya ndizi zilizopondwa, unga ni kikombe kimoja na nusu hadi viwili, ukiongeza kidogo kidogo mpaka donge liache kushika vidole. Ndizi lazima ziwe zimeiva hadi ganda lina madoa meusi, kwani ndizi ngumu hazitoi maji ya kutosha, na mpishi akiongeza maji ili kufidia, kitafunwa hunyonya mafuta na kuwa kizito. Kimoja mgawane wawili.

Sasa muchomo. Neno ni la Kiluganda kwa kile tunachokiita nyama choma, lakini barabarani Kampala maana yake hasa ni vijiti: ng'ombe, mbuzi, maini, kuku. Wachomaji wengi huanza mchana. Huchoma nusu, hupanga vijiti pembeni, kisha huvirudisha kwenye moto mteja akifika. Si udanganyifu, ni njia ya kuuza haraka. Tatizo ni zile saa ambazo nyama iliyopikwa nusu imekaa kwenye beseni la vuguvugu. Chagua kijiti kilicho juu ya moto tayari, au kibichi kabisa ukisubiri. Kile cha katikati kiache.

Tazama pia makaa. Makaa ya kuchomea huwa yamefunikwa na majivu meupe. Yakiwa bado meusi yenye ndimi za moto, mafuta yanayodondoka huwaka, nyama inakuwa nyeusi nje na mbichi ndani, na utapewa ukiambiwa ni ya kuiva sana. Kuku mvunje kwenye kiungo cha paja: maji yakitoka na wekundu, arudi motoni.

Kando ya nyama kuna gonja. Msiichanganye na matoke. Matoke hupikwa yakiwa mabichi ya kijani, gonja huchomwa ikiwa imeiva, ganda la njano lenye michirizi myeusi. Huhitaji dakika 15 hadi 20 ikigeuzwa geuzwa, na iliyo tayari hupasuka kidogo ubavuni na kutoa utomvu wa sukari. Gonja iliyopauka na ngumu imeng'olewa kabla ya wakati, na moto hautaisaidia. Kwa maoni yangu gonja moja nzuri inashinda vijiti vitatu vya ng'ombe, na ni rahisi kuliko vyote.

Kutoka hapo nendeni Kisenyi, mtaa wa Wasomali. Hapa Kiswahili chako kitapata wa kuzungumza naye bila shida. Kwingineko Kampala salimia kwanza kwa Kiluganda: "Oli otya, ssebo" kwa mwanamume, "nnyabo" kwa mwanamke, halafu endelea na lugha yako. Kiswahili mjini hapa kwa miaka mingi kimenuka kambi ya jeshi, na uamuzi wa baraza la mawaziri wa Julai 2022 kukifanya lugha rasmi haujafika kwenye kila sigiri. Kisenyi agizeni sahani moja ya wali wa mbuzi kwa watu wanne, na ndizi mbivu inayoletwa kando mle pamoja na wali, tonge moja la wali na kipande cha ndizi. Wageni wengi huiweka kando wakidhani ni tunda la kumalizia. Chai ya maziwa yenye iliki inywewe hapa, maana mbele hakuna nzuri kama hii.

Saa 3 usiku, au saa 3 na nusu, mnafika Wandegeya, chini ya kilima cha Makerere. Wanafunzi ndio wanaoifanya rolex hapa isilale: mteja hakatiki, kwa hiyo chapati haikai muda mrefu. Jina, kama wengi wanavyolieleza, ni "mayai yaliyoviringishwa" kwa Kiingereza cha haraka.

Tazama mikono ya mpishi. Kilo 1 ya unga wa ngano, chumvi kijiko kimoja cha mezani kisichojaa, mafuta kidogo, maji mililita 550 hadi 600, na hapo hupatikana madonge kama 16 ya gramu 100. Donge lipumzike angalau nusu saa chini ya kitambaa chenye unyevu. Lisipopumzika hujikunja linaposukumwa, na chapati inakuwa nene katikati na ngumu. Chapati hupikwa mapema na kupangwa. Ukiagiza, mpishi huvunja mayai mawili kwenye kikombe cha plastiki chenye kitunguu, nyanya na kabichi iliyokatwa nyembamba kama uzi, hutia chumvi, hupiga, humwaga kwenye tawa. Kisha huja sekunde zinazoamua kila kitu: chapati lazima iwekwe juu ya yai likiwa bado bichi upande wa juu. Hapo yai hujigandisha kwenye chapati. Likishakauka ndipo chapati ikawekwa, mtaviringisha vitu viwili visivyojuana, na kwenye tonge la pili yai lote litachomoka kwa nyuma na kuanguka kwenye kiatu.

Kabichi nyingi nayo ni kosa. Hutoa maji, yai halishiki, rolex inalowa na karatasi inachanika. Konzi moja ndogo inatosha. Chapati ya asubuhi hupasuka ikiviringishwa. Mpishi mzuri huirudisha kwenye tawa na matone ya mafuta mpaka ilainike. Nyanya mbichi za juu ziwekwe mwisho, na mwenye tumbo jepesi azikatae, pamoja na kachumbari ya vituo vyote. Aombe kila kitu kipikwe ndani ya yai.

Rolex moja ikatwe mara nne, kila mtu robo. Mwenye njaa bado aagize kikomando, chapati iliyokatwa vipande na kumwagiwa maharage, lakini hiyo huliwa kwa kijiko ukiwa umeketi. Haipandi boda.

Ukija Novemba, mwezi ambao Waganda wanauita Musenene, panga nafasi ya senene, panzi wa kuliwa. Huuzwa kwa kikombe, wamekwisha kung'olewa mabawa na miguu. Hukaangwa bila kuongezwa mafuta kwa kuwa wana mafuta yao, pamoja na chumvi na kitunguu, mpaka wanalia wakitikiswa kwenye sufuria. Wakiwa laini bado hawajaiva. Anayedhurika akila kamba au kaa awaache, mwili wake unaweza kuwakataa senene vile vile.

Kuhusu boda zenyewe: abiria mmoja kwa pikipiki, kofia ngumu mbili kwa kila pikipiki, na kofia ya abiria ijaribiwe kamba yake kabla ya kuondoka, kwani nyingi zina kifungo kilichokufa. Vietnam iliwalazimisha wapanda pikipiki wote kuvaa kofia Desemba 2007, na wageni wetu waliowahi kupanda kule hawaulizi mara mbili. Panda na shuka upande wa kushoto. Bomba la moshi liko kulia, na mtashuka mara tano au sita kwa jioni, hivyo shavu la mguu wa kulia ndilo linaloungua. Vaeni suruali ndefu. Simu ikae mfuko wa ndani wakati wa safari, si mkononi, hasa kwenye taa za barabarani. Ziwani jioni kuna wadudu wadogo wengi kama moshi, kwa hiyo kioo cha kofia kishushwe mpaka mtoke Ggaba.

Boda zisizidi sita. Mwongozaji awe wa kwanza, na wa mwisho awe dereva anayejua vituo vyote, ili anayepotea kwenye makutano asimamishwe na huyo. Miezi ya Machi hadi Mei na Septemba hadi Novemba mvua hupiga ghafla. Ikianza, ingieni chini ya paa lolote na msubiri. Barabara yenye udongo mwekundu na maji ni sabuni.

Beba noti za 1,000, 2,000 na 5,000. Noti ya 50,000 mbele ya mchoma gonja humfanya aache sigiri akatafute chenji, na gonja yako inaungua.

Bei ya boda iafikiwe kwa jioni nzima, si kwa kila kituo, ikitajwa saa ya kuanza, saa ya kumaliza na nani analipa mafuta. Na madereva wale. Si robo ya rolex kama wageni: sahani nzima ya wali pale Kisenyi, ikihesabiwa ndani ya bei tangu mwanzo, na bila pombe mpaka mgeni wa mwisho afikishwe mlangoni.