Masomo saba yalinishinda, mawili yakanifikisha

Mwaka 2016 nilimaliza kidato cha nne na divisheni foo ya pointi 32, daraja la chini kabisa la kufaulu. D tatu: Kiswahili, Historia na Uraia. Kwingine kote F. Mama hakunigombeza. Alinitafutia kazi kwenye duka la dawa muhimu hapa Songea, la dada mmoja tunayesali naye.

Kazi yangu ilikuwa kufagia, kupanga maboksi na kuandika daftari la mauzo. Kutoa dawa ilikuwa kazi ya dada, aliyesomea. Siku moja ametoka kwenda benki, akaingia mama na mtoto mgongoni anachemka. Ameandikiwa dawa mseto ya malaria kituo cha afya, lakini maelezo yalimpita. Nilikuwa nimemsikia dada akieleza mara mia: mtoto ale kwanza, dozi ya pili zikipita saa nane tangu ile ya kwanza. Nilijua kila neno na sikuwa na ruhusa ya kulisema. Nikamwambia asubiri. Tulikaa karibu nusu saa tukitazamana, mtoto analia. Usiku ule niliamua nitasomea dawa.

Basi Januari 2021 nikaandika kwenye karatasi, nikaibandika ukutani: "Masomo saba, divisheni wani." Nikachora ratiba, kila siku saa nne usiku hadi saa sita. Hadi Machi nilikuwa nimeshachoka, naamka shavu liko juu ya kitabu. Masomo saba yalinizunguka kichwani, kila nikigusa moja nalilia lingine. Novemba nikafanya mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea. Kiswahili kilipanda hadi C. Mengine yalibaki palepale.

Aliyenitoa hapo ni mzee mmoja, mwalimu mstaafu wa sayansi, mteja wetu wa dawa za presha. Nilimwamkia, akaniuliza mbona nimenyong'onyea, nikamweleza. Akaniuliza swali moja: "Mwanangu, unatafuta cheti cha kupendeza au unatafuta kazi ya dawa?" Nikajibu kazi ya dawa. "Sasa chuo kinataka nini?" Sikuwa na jibu. Mwaka mzima nimekimbia bila kuuliza mlango uko wapi!

Nikafungua kwenye simu mwongozo wa udahili wa NACTVET, baraza linalosimamia vyuo vya ufundi. Famasi ilitaka ufaulu wa masomo manne yasiyo ya dini, Kemia na Biolojia yakiwemo. Nikahesabu kwa vidole. Matatu ninayo tayari. Nilichokosa ni Kemia na Biolojia tu, na D, ufaulu wa chini kabisa, huanzia alama 30. Nikaibandua ile karatasi.

Nililenga 45, yaani C, ili nikiteleza nidondokee D. Na sikupanga tena kwa saa, maana saa mbili unaweza kuzimaliza umesinzia. Nilipanga kwa maswali. Jumapili baada ya ibada nafanya pasti pepa moja kwa muda kamili wa mtihani, mwalimu anasahihisha, naandika alama. Siku za kazi nafanya maswali matano, yote kutoka pale nilipokosea Jumapili. Matano yakiisha nalala, hata kama ni saa tatu. Pepa ya kwanza ya Biolojia nilipata 19, ya Kemia 11. Ile 11 iliniuma, lakini kwa mara ya kwanza nilijua nimesimama wapi.

Pepa hizo zilinionyesha jambo ambalo sikuwahi kulitambua shuleni. Maswali mengi nilikuwa nayajua. Ukiniuliza kwa Kiswahili jinsi figo inavyochuja damu nakueleza, ila mtihani uko kwa Kiingereza, na mimi nilisoma shule ya msingi yote kwa Kiswahili. Kulikuwa na vitenzi vya Kiingereza vya kuulizia, vya maana kama "eleza", "tofautisha" na "thibitisha", ambavyo nilivichanganya kwa miaka minne, nikijibu swali ambalo sikuulizwa. Nikaanzisha daftari: kushoto neno la Kiingereza, kulia maana kwa maneno yangu mwenyewe. Nilianza na vile vitenzi kabla ya istilahi zozote. Hadi Mei Biolojia ilikuwa 38. Naamini daftari lile lilinipa alama nyingi kuliko kitabu chochote, na nasikitika hakuna aliyenishauri hivyo nikiwa na miaka kumi na sita.

Kemia ilinisumbua kwenye hesabu za moli, kile kipimo cha kuhesabia chembe ndogo za vitu. Iliniingia siku napanga shelfu. Maboksi mawili, idadi ya vidonge ni ile ile, lakini moja zito kwa sababu kidonge chake ni kizito. Moli nayo ni boksi: idadi haibadiliki, uzito unategemea kilichomo ndani. Moli moja ya kaboni gramu 12, ya maji gramu 18. Nilimpigia mwalimu simu palepale dukani, akacheka kwa furaha.

Juni mama aliugua wakati wa kuvuna mahindi, nikapoteza wiki tatu shambani. Ratiba ya mwaka uliotangulia ingenifia hapo. Safari hii nilikaa na mwalimu tukapunguza: sehemu kubwa ya kemia ya kaboni tukaiacha, tukashikilia mada nilizokuwa nazipatia alama. Wapo walioniambia huo ni uvivu. Mimi nilikuwa natafuta 45, si 90, na siku zilizobaki nilizihesabu. Ada ya mtihani nilikuwa nimeshailipa, na ya chuo nilikuwa naiweka kwenye kikoba cha mtaani kila Jumamosi.

Matokeo yalitoka mwishoni mwa Januari 2023. Biolojia C, Kemia D. Nilimsomea mama mara mbili, akaniomba nisome tena.

Mwaka huo huo nikaanza chuo. Likizo ya kwanza nilipita dukani kumsalimia dada. Alikuwa na mteja mkononi, mama kijana na mtoto wake, wameandikiwa dawa mseto. Dada akanivutia kiti nyuma ya meza, akaniambia, "Mweleze wewe, mimi nasikiliza."