Askofu aliyekuwa anaenda kuulizia watu

Jana ilikuwa 16 Februari, kwa wenzetu Uganda ni sikukuu ya taifa toka 2015, ila huku Kasulu imepita hivi hivi tu, watu gulioni na maharage yao, na mimi nimeona silali kabla sijaandika habari za anayekumbukwa siku hiyo, Askofu Mkuu Janani Luwum.

Jina lake nimekua nalo. Baba mkubwa alipigana vita ya Kagera na kila akimsimulia Amin lazima afike kwa huyu askofu. Halafu sisi Waanglikana wa Kigoma hatuko mbali naye kihivyo, maana kuanzia 1974 alisimamia kanisa la Uganda, Rwanda, Burundi na Boga-Zaire, yaani ukivuka tu pale Manyovu ulikuwa umeingia kwa kondoo wake.

Mwacholi wa Mucwini, kule Kitgum, kaskazini mwa Uganda, kazaliwa 1922, akawa mwalimu, akaokoka 1948. Napita haraka kwa sababu kinachonikaa moyoni ni kingine. Enzi zile za Amin mtu anachukuliwa, anatupwa kwenye buti la gari, basi, haonekani tena, na watu wakajifunza kutouliza. Luwum yeye aliuliza! Alikuwa anaenda mwenyewe mpaka kwenye ofisi za State Research Bureau, usalama wa Amin, kwa walewale wauaji, kuulizia mtoto wa fulani yuko wapi, mume wa fulani yuko wapi. Wapo waliomlaumu eti yuko karibu mno na Amin, mimi naona walimwonea, utamtoaje mtu mdomoni mwa simba bila kumsogelea simba?

Usiku wa kuamkia 5 Februari 1977 wanajeshi wakavamia kwake wakitafuta silaha, hawakupata kitu. Siku chache baadaye yeye na maaskofu wenzake wakamwandikia Amin barua kulalamikia mauaji, na wakaisaini. Kwa majina yao kabisa, wakati ule, Kampala ile.

Tarehe 16 wakaitwa Nile Mansions, hoteli ya Kampala, silaha zimepangwa nje, askari wamejaa, ikasomwa karatasi kwamba askofu anapanga njama na Obote, rais aliyepinduliwa na Amin, ambaye kipindi hicho alikuwa uhamishoni hapa kwetu Tanzania. Wenzake wakaambiwa nendeni, yeye akabakizwa. Kesho yake redio ikatangaza kafa kwa ajali ya gari, pamoja na mawaziri wawili, Erinayo Oryema na Charles Oboth Ofumbi. Ajali gani. Namirembe, kwenye kanisa kuu la Waanglikana Kampala, kaburi lilishachimbwa, jirani na la Askofu Hannington aliyeuawa 1885, lakini mwili haukuletwa, ulipelekwa Mucwini, na jeneza lilipofunguliwa watu wakaona matundu ya risasi. Jumapili yake watu walijaa Namirembe wakaimba hapo hapo penye kaburi tupu.

Baba mkubwa aliingia Kampala na wenzake Aprili 1979. Anasema alimwomba mama mmoja muuza ndizi amwonyeshe hilo kaburi, wakapanda kilima pamoja, wanaongea Kiswahili cha kuokoteza. Walipofika yule mama akasimama akataja jina la kijana wake, aliyechukuliwa na hakurudi, akalitaja kwa sauti mara mbili, halafu wakashuka.