Nanga ya Dani

Juzi binti yangu aliinua kichwa kutoka kwenye kazi yake ya Kiswahili akaniuliza iwapo nanga ni chuma au ni nguo, kwa kuwa mwalimu amesema hivi na shangazi yake wa Kisumu, kwa Kijaluo, husema vile. Nilimjibu kwamba ni vyote viwili, kisha nikaanza kucheka peke yangu, maana nilimkumbuka Dani, yaani nyanya yangu, siku tuliyopanda mashua pale Dunga, ufuoni Kisumu, tukienda matangani ng'ambo ya ghuba.

Nahodha alikuwa mtu wa Mombasa aliyeoa kwetu. Abiria walipokwisha kuketi, alimgeukia Dani kwa adabu zake zote za Kipwani akasema, "Bibi, keti vyema, sasa twang'oa nanga." Dani, ambaye Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni, aliikamata leso yake kwa mikono miwili, akaikaza kiunoni, akamjibu kwa sauti ya kusikika hadi ufuoni: "Mimi si bibi yako, na nanga yangu haing'olewi!" Watu walicheka hata mashua ikayumba. Maskini nahodha alibaki ameshika kamba, na mwishoni mwa kamba lilining'inia kopo la rangi lililojazwa saruji, likichuruzika maji, gugu maji limelizonga. Akaanza kueleza kwamba kwao bibi ni nyanya, si mke kama huku bara, na kwamba nanga ni hii hapa. Dani alilitazama lile kopo kwa muda, kisha akanyoosha kidole juu, kwenye tanga lililokuwa likifunguliwa. "Kama mashua ina nanga," akasema, "basi ni ile."

Njia nzima walibishana. Nahodha alishikilia kwamba Wajaluo waliliazima neno hilo Pwani, likaja na reli iliyofika Kisumu mwaka 1901. Dani akamuuliza kama alidhani watu walingoja gari la moshi ndipo wavae.

Miaka mingi baadaye nilisoma kwamba nanga ya Pwani asili yake ni Kiajemi, langar, kama zilivyo bandari na nahodha wenyewe, na hata bibi. Leso, ile aliyoikaza Dani akiiita nanga yake, ni lenço ya Wareno. Sauti kufanana si ushahidi wa udugu: meza tunayolia chakula ni ya Kireno, ilhali kumeza dawa ni Kibantu kitupu, wala hakuna anayeyaita maneno hayo ndugu. Kwa hiyo nimezoea kusema kwamba nanga hizi mbili zimekutana tu ziwani kwa sadfa. Njia pekee ninayoiona ya kutoka kwenye chuma hadi kwenye kitambaa inapitia kwenye ule mlingoti wa Dani, na sidhani kama kuna mwanaisimu atakayekubali kuupanda.