Mguu Ulioingoja Sauti

Juzi binti yangu aliikuta nyuma ya kabati misewe ya marehemu babu yake, ile inayofungwa miguuni ilie kwa kila hatua ya ngoma, akaitikisa, kisha akaniuliza: "Mama, betri zake zinawekwa wapi?" Sikuweza kumjibu papo hapo, kwa kuwa mawazo yangu yalikwisha kurudi kwenye usiku ule niliopanda jukwaani bila misewe, nikiwa nimefungwa vihisi viwili vya mwendo vifundoni.

Wazo la kuufanya mwendo wa mwili utoe sauti ni la zamani. Mwaka 1932, mjini New York, mvumbuzi Leon Theremin alionyesha ala ambayo mchezaji aliipiga kwa mwili wake wote bila kuigusa, na mwaka 1965, katika jiji hilohilo, wachezaji wa mtunzi wa dansi Merce Cunningham walipita kati ya antena zilizosimikwa jukwaani, na miendo yao ikaamsha sauti katika muziki wa John Cage. Mwenzangu wa kompyuta aliponisimulia hayo, nilimwambia kwamba kwetu Pemba ipo ngoma ya msewe, iliyopewa jina la kile kinacholia miguuni mwa wachezaji. Tukarekodi misewe ya baba, tukaitia katika programu, ili kila hatua yangu iiamshe.

Mazoezini mambo yalikwenda vizuri. Usiku wa onyesho, sauti ilianza kuchelewa. Nilikanyaga, pakawa kimya, kisha spika zikalia wakati mguu umekwisha kuinuka. Nilipoongeza kasi, nikazidi kuiacha nyuma. Basi nikasimama. Nikaushusha unyayo wa kulia polepole, kisigino kwanza, nikaungoja mlio kama mtu aliyebisha hodi anavyongoja kuitikiwa, na ulipofika nikaupokea kwa bega. Nikakanyaga tena. Kati ya hatua na mlio palikuwa na nafasi ndogo, haikutimia sekunde moja, lakini ndani yake nilisikia mbao za jukwaa zikilia, nilisikia pumzi yangu, nikamsikia baba katika safu ya mbele akipiga goti lake kwa kiganja, kwa mdundo ule ambao mimi nilikuwa nimeupoteza.

Watazamaji walisifu utulivu wa sehemu hiyo. Baba alisema jambo moja tu, kwamba msewe haumngojeshi mchezaji. Naamini alisema kweli, na hata hivyo naikumbuka nafasi ile kuliko ngoma yoyote niliyowahi kuicheza kwa mdundo sahihi.

Nilimfunga binti yangu misewe ile, ingawa inamlegea. Alipiga hatua moja, akanyamaza, akasikiliza.