Nilivyoachana na "nini?" nikazijua laazim na muta'addi

Katika Kiarabu, fi'ili (kitenzi) muta'addi ni ile inayomfikia mtendwa moja kwa moja; laazim haimfikii hivyo. Kila aliyenitangulia darsani aliniambia lilelile: "Ukitaka kujua fi'ili ni laazim au muta'addi, itafsiri kwa Kiswahili, kisha uliza 'nini?' Jibu likija, hiyo ni muta'addi." Ushauri huu ulinipotezea karibu mwaka mzima, na mpaka leo nikiusikia moyo hunipanda.

Mwanzoni ulikubali. Fahima, kufahamu, kufahamu nini? Somo. Jalasa, kukaa, hakuna cha kuuliza. Basi kwenye insha nikaandika kwa kujiamini sallamtu al-mu'allima, nimemsalimu mwalimu, na ahtaaju kitaaban, nahitaji kitabu. Daftari likarudi limejaa wino mwekundu. Maalim hakunigombeza. Aliandika pembeni 'alaa na ilaa, basi. Mwarabu husema sallamtu 'alaa al-mu'allimi, na ahtaaju ilaa kitaabin. Salimu na hitaji tumezichukua kwao, lakini harfu jarri zake, yaani vihusishi vinavyolitia kasra neno linalofuata, tumeziacha njiani. Fikiri nayo ni hivyohivyo: sisi twalifikiri jambo, wao ufakkiru fii al-amri, juu ya kwamba ina shadda (herufi iliyokazwa), ambayo mara nyingi huigeuza laazim kuwa muta'addi. Na hudhuria ni kinyume: sisi tumeitia kauli ya kutendea, wao hadartu ad-darsa, moja kwa moja.

Kipimo cha kweli kimo katika Alfiyya, shairi la nahau la Ibn Malik: bandika mwishoni dhamiri ya haa, ile -hu ya mtendwa. Fahimtuhu inakaa, jalastuhu inakataa. (Haa isirejee masdari, yaani jina la kitendo chenyewe, maana al-juluusu jalastuhu ni sahihi.) Shida ni kwamba sikio changa halisikii kukataa huko.

Langu lilifunguka kwenye sala ya magharibi. Imamu alipofika ghayri l-maghduubi 'alayhim, "si ya waliokasirikiwa", mwishoni mwa Fatiha, nikaisikia ile 'alayhim kana kwamba imeteremka usiku ule. Ghadiba, kukasirika, ni laazim! Ndiyo maana ism maf'uul yake (jina la mtendwa), maghduub, haisimami bila harfu, wakati mafhuum, ya fahima, yasimama peke yake. Nikarudi nyuma: ihdinaa s-siraata, "tuongoze njia", maf'uul bihi (watendwa) mbili, naa na siraat. Rakaa 17 kila siku tangu utotoni, na somo lote lilikuwa mdomoni mwangu.

Kesho yake nikanunua daftari nene, elfu mbili na kitu. Humo fi'ili haiingii bila harfu yake. Siandiki raghiba kavu: raghiba fii ni kukitaka kitu, raghiba 'an ni kukipa mgongo. Kiswahili nakiita pale kinapofaa tu, kama fariha na farraha: furahi, furahisha. Shadda hapo yafanya kazi ya -isha.

Juzi mdogo wangu kaniletea insha yake: ahtaaju qalaman. Nikampa daftari langu, nikaandika ilaa pembeni, na ile qalaman akaigeuza mwenyewe ikawa qalamin.